Siku 19 baada ya maji: kisa cha injini iliyowaka ikiwa imeshapinda ndani

Kisa hiki kilipita gerejini kwetu, Dar es Salaam, masika ya 2024. Majina, namba za gari na mtaa nimeviondoa. Mwenye gari, ambaye nitamwita Mama K., amekubali kiandikwe kwa sharti moja: kwamba sehemu ya gereji yetu nisiifiche. Sitaificha, ndiyo inayoanza.

Usuli

Gari ni dogo la Kijapani, milango mitano, injini ya petroli ya cc 1500, silinda nne, gia otomatiki. Ni aina ile ambayo ukisimama kwenye taa za Mwenge dakika tano utahesabu kumi. Mama K. alikuwa nalo mwaka wa nne. Oili hakosi kubadilisha, na akisikia mlio mgeni huwa anapiga simu kabla haujawa kelele.

Miezi saba kabla ya mvua alilileta kwetu kwa sevisi ya kawaida. Kwenye gari hili hewa haiingii moja kwa moja kwenye boksi la ea klina, yaani chujio la hewa. Kuna bomba fupi la plastiki jeusi limelala juu ya rejeta, mdomo wake uko chini kidogo ya ukingo wa boneti. Hewa huingilia huko juu ndipo ishuke kwenye boksi. Klipu ya bomba hilo ilikuwa imekatika, likawa linacheza na kugongagonga. Kijana wetu akalitoa. Daftari la kazi la siku ile bado lina mstari wake: "Bomba la mdomo wa hewa limetolewa, klipu imekatika, litafutwe jingine."

Halikutafutwa. Gari lilikuwa linawaka, barabarani halina tofauti, mteja hakulalamika, na nje kulikuwa na magari mengine yanasubiri. Boksi likabaki na tundu wazi linalotazama chini. Baada ya yote kutokea nilichukua futikamba nikapima: bomba likiwa mahali pake, gari hili linavuta hewa sentimita 69 kutoka ardhini. Bila bomba, sentimita 53. Mama K. hakujua kwamba gari lake limeshuka pua kwa sentimita 16. Hakuna aliyemwambia.

Jioni ya maji

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi Aprili. Mvua ilianza saa nane mchana na kufikia jioni mitaro ilikuwa imeshindwa. Mama K. alikuwa anarudi nyumbani na mwanawe wa miaka sita kwenye kiti cha nyuma, saa kumi na mbili na nusu, giza linaanza kushuka. Barabara yake ya mtaa ina bonde dogo mbele ya duka moja la vifaa vya ujenzi, na bonde hilo lilikuwa limejaa.

Alisimama akaangalia. Bajaji mbili zikapita. Taksi ikapita. Maji yalifika nusu ya matairi yao. Wiki tatu baadaye mstari wa tope ulikuwa bado uko kwenye ukuta wa lile duka, nikaupima: sentimita 31. Kama gari limesimama tuli, kutoka 31 hadi 53 kuna nafasi ya kutosha. Tatizo ni kwamba gari likitembea majini linasukuma maji mbele yake, yanapanda kwenye bampa kama mbele ya boti, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo yanavyopanda.

Aliingia polepole, vizuri kabisa. Katikati akaona lori la mchanga linaingia kutoka upande wa pili. Akaogopa kukwama, akakanyaga mafuta ili atoke kabla halijafika. Mawimbi mawili yakakutana, lake na la lori, na maji yakapanda hadi juu ya boneti. Injini ikakata hapo hapo. Haikukohoa wala kutetemeka. Nilimwuliza mara mbili kuhusu hilo kwa sababu ni muhimu: injini iliyolowa plagi au waya hukohoa na kukosakosa kabla ya kufa. Inayokata kwa mara moja, kama taa iliyozimwa, imezuiwa na kitu.

Akapiga starta. "Kla." Taa za dashibodi zikafifia, kimya. Vijana wanaosukuma magari siku za mvua wakawa wameshafika. Akampigia mumewe aliyekuwa Dodoma kikazi. Mume akasema, "Mama K., jaribu tena, betri si nzima?" Akajaribu. "Kla." Vijana wakamsukuma hadi sehemu kavu. Mmoja wao, kwa nia njema, akamwambia: "Mama, maji yameshatoka, sasa piga ndefu usiachie." Akapiga ndefu. Injini ikajizungusha nusu, ikagoma, ikajizungusha, ikagoma, mpaka betri ikachoka.

Mama K. anakumbuka alijaribu mara tatu. Mtoto anasema tano, na mimi namwamini mtoto.

Gari likalala pale kwa mlinzi wa duka. Ijumaa asubuhi akaitwa fundi wa mtaani, kijana mwenye sifa nzuri kwa majirani. Akatoa plagi zote nne, akaunganisha betri ya kuazima, akazungusha injini matundu yakiwa wazi. Maji yakaruka kutoka tundu la pili na la tatu, yakalowesha boneti kwa ndani. Akaendelea mpaka yakaacha kutoka, akadondoshea oili kidogo kila tundu, akamwaga oili ya injini akaweka mpya, akabadilisha ea klina iliyokuwa imelowa kama kitambaa cha kudekia, akarudisha plagi, akawasha. Gari likatetemeka, likatoa moshi mweupe dakika kadhaa, kisha likatulia. Akalipwa shilingi 60,000. Jumamosi Mama K. alikwenda nalo kwenye kicheni pati ya mdogo wake.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kukaa leo na kusema fulani alikosea. Lakini kila uamuzi hapa ulikuwa na sababu, na bila kuziona hutajifunza kitu, kwa sababu kesho utakuwa na sababu zilezile.

Kuingia majini: alikuwa ameona magari matatu yakipita. Hakuwaza kwamba bajaji injini yake iko nyuma na inavuta hewa kwingine kabisa, wala kwamba taksi ile huenda ina bomba lake la hewa mahali pake. Kupita kwao kulimwambia kina cha maji tu.

Kurudia starta: mtoto nyuma, giza linaingia, maji mlangoni. Na anayeijua Dar anajua gari likilala nje peke yake asubuhi unaweza kulikuta halina vioo vya pembeni. Mumewe, kilometa zaidi ya 400 kutoka pale, alikuwa na swali moja tu kichwani: familia yangu inatokaje hapo? Starta ndiyo jibu pekee alilokuwa nalo la kutoa kwa simu.

Fundi wa mtaani kuirudisha barabarani: alitoa maji, oili aliyomwaga ilikuwa safi, haijageuka rangi ya chai ya maziwa kama inavyokuwa ikichanganyika na maji, na injini ikawaka. Hana geji ya kompresheni, kile kipimo cha mgandamizo ndani ya silinda. Mteja anataka gari kesho. Kwa alama alizokuwa nazo, kazi ilikuwa imekwisha.

Na uamuzi wangu. Jumatatu Mama K. alinipigia. "Shikamoo fundi. Gari lilizimika kwenye maji Alhamisi, limetengenezwa, linawaka, ila kwenye foleni linatetemeka kidogo." Nilikuwa chini ya gari la mtu, simu nimeibana begani. Nikamwambia: "Hizo ni plagi zimekula maji. Lilete ukipata nafasi." Sikumwuliza lilizimikaje. Sikumwuliza starta ilipigwa mara ngapi. Wiki ile hakupata nafasi, na maneno yangu yalimpa ruhusa ya kutoitafuta.

Siku 19

Gari lilifanya kazi zake zote. Kwenda kazini, shule, sokoni. Kutetemeka kwenye foleni kukabaki. Taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka siku ya sita, fundi wa mtaani akaizima kwa mashine yake ndogo, ikakaa siku nne ikarudi. Mafuta yakawa yanaisha upesi zaidi. Asubuhi injini ikiwa baridi kulikuwa na kamlio, tik tik tik, kanakopotea likishapata moto. Mama K. aliniambia bila kuona haya kwamba alikuwa anaongeza sauti ya redio.

Jumanne ya siku ya 19 alikuwa barabara ya Bagamoyo, amepita Tegeta, mwendo wa kama 80. Tik tik ikageuka kuwa nyundo. Hakumaliza hata kuwaza kusimama: mshindo mmoja, moshi wa bluu, na mstari wa oili barabarani nyuma yake. Alifanikiwa kutoka pembeni. Bredauni ikamleta kwetu.

Tulichokikuta tulipofungua

Hatukuhitaji kufungua kujua kubwa. Upande wa mbele wa bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, kulikuwa na tundu linaloingia vidole vitatu, na ndani yake unaona kipande cha konrodi kama mfupa uliotoka kwenye ngozi. Konrodi ni chuma kinachounganisha pistoni, inayopanda na kushuka ndani ya silinda, na krenki, mhimili unaozunguka chini yake. Konrodi ya silinda ya tatu ilikuwa imekatika katikati, krenki ikaichukua ile iliyobaki na kuipigiza ukutani. Injini ya kutupa.

Ila sababu ya kukatika haikuwa imeandikwa kwenye tundu lile, kwa hiyo tulifungua yote. Nitaeleza mambo matatu, maana ndiyo yaliyotufundisha.

La kwanza ni pete ya masizi. Kwenye kila silinda, pale juu kabisa ambapo ringi za pistoni hazifiki, hujijenga mkanda mwembamba mweusi. Ukingo wake wa chini ni alama ya mahali pistoni inapogeukia kurudi, miaka na miaka. Silinda ya kwanza na ya nne zilikuwa na mkanda mmoja, mkali, umenyooka. Ya tatu ilikuwa na mikanda miwili: wa zamani mweusi uliokomaa, na chini yake mwingine mpya, wa kijivu, laini ukiugusa kwa kucha. Upana wa huo mpya ulikuwa kama milimita mbili. Yaani pistoni ile, kwa siku zile za mwisho, haikuwa ikifika juu ilikozoea kufika. Konrodi yake ilikuwa fupi. Konrodi haipungui urefu isipokuwa imepinda. Na masizi hayajengeki kwa siku moja, kwa hiyo ilipinda muda mrefu kabla ya kukatika.

La pili, konrodi ya silinda ya pili, ambayo haikukatika. Tuliitoa tukailaza juu ya kioo cha dirisha. Ya kwanza na ya nne zililala kimya. Ya pili ilicheza, ukibonyeza huku inainuka kule. Ukiishika mkononi na kuitazama huoni kitu. Vijana wote wa gereji waliitazama, mmoja baada ya mwingine, na wote walisema iko sawa mpaka ilipowekwa kwenye kioo. Na silinda ya pili na ya tatu ndizo zilizotoa maji ile Ijumaa.

La tatu, pistoni ya tatu ilikuwa imesuguliwa upande mmoja tu, na kwenye sketi yake (ukuta wa chini wa pistoni) kulikuwa na michubuko ya kugongana na krenki. Konrodi ikifupika, pistoni ikishuka inakaribia krenki kuliko ilivyopangwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa tik tik ya asubuhi.

Matokeo

Bima yake ilikuwa ile kubwa, inayofidia hata gari la mwenye bima mwenyewe. Alhamisi ya maji hakuripoti, kwa sababu matengenezo ya 60,000 yalikuwa chini ya ile sehemu ambayo mteja hujilipia mwenyewe kabla ya bima kuingia. Kwa hesabu hiyo alikuwa sahihi. Siku ya 19 alipokwenda, aliulizwa tarehe ya tukio. Mkataba wake ulitaka taarifa mapema, na uharibifu wa kimakanika unaotokea wakati wa matumizi ya kawaida ulikuwa nje ya mkataba. Mkadiriaji alikuja, akapiga picha, akaandika kwamba injini imevunjika barabarani pakavu. Nilimwonyesha mikanda miwili ya masizi na konrodi kwenye kioo. Aliniambia ananiamini, na kwamba karatasi haitabadilika. Mama K. hakulipwa. Alishauriwa apeleke lalamiko kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, akaamua kutokwenda.

Injini ya mtumba ilipatikana kwa shilingi milioni 1.9. Bredauni 120,000. Oili, gasketi, maunti na vidogovidogo 210,000. Ufundi hatukumtoza, na sababu ameshaisoma kwenye daftari letu. Gari lilikaa kwetu siku tisa. Bomba la mdomo wa hewa, la mtumba, pamoja na klipu zake, tulilipata eneo la Gerezani, hapa hapa Dar, kwa 15,000.

Uchambuzi: maji kiasi gani?

Swali ambalo kila mtu aliuliza gerejini ni hili: maji ya nusu tairi yanavunjaje chuma? Hesabu yake ni fupi na inafaa kukaa kichwani.

Injini ya cc 1500 ya silinda nne, kila silinda inavuta takriban cc 375 za hewa pistoni ikishuka. Pistoni ikipanda inaikandamiza hewa hiyo. Uwiano wa injini hii ni 10.5 kwa 1, maana yake nafasi inayobaki juu ya pistoni ikishafika kileleni ni kama cc 40 tu. Kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa wa kijiweni, kinabeba zaidi ya hapo. Hewa inakubali kubanwa ikaingia kwenye nafasi hiyo. Maji hayakubali. Yakiingia zaidi ya cc 40 kwenye silinda moja, na valvu zote zimefungwa, pistoni inakutana na kitu kigumu kama jiwe ikiwa bado njiani. Kitu kimoja lazima kisalimu amri, na katika mnyororo mzima wa pistoni, konrodi na krenki, chembamba kuliko vyote ni konrodi.

Na haichukui muda. Kwa mizunguko 1500 kwa dakika kila silinda inavuta hewa zaidi ya mara kumi na mbili kwa sekunde. Wimbi likifunika tundu la hewa kwa muda wa kupepesa jicho, kikombe kimeshanywewa.

Hapo kuna mvutano kati yangu na fundi mwenzangu. Yeye anasema konrodi zilipinda palepale katikati ya maji, injini ilipokata ikiwa inakimbia, na starta haikuongeza kitu. Mimi naona ya tatu ilipinda ikiwa inakimbia, na ya pili ilimalizwa na ule mpigo mrefu. Starta peke yake ikikuta silinda imejaa husimama: ndiyo ile "kla". Lakini injini ikiweza kuzunguka nusu kwanza, uzito uliofungwa mwishoni mwa krenki unapata kasi, na kasi ile ndiyo inayoisukuma pistoni kwenye maji. "Ikajizungusha nusu, ikagoma" ni maelezo ya kitu hicho hicho. Kwa vyovyote, mtu aliyesikia "kla" ya kwanza alikuwa amepewa habari zote alizohitaji. Baada ya hapo starta haiguswi mpaka plagi zitoke.

Gari lingekuwa la gia za mkono, wale vijana wangesema "tia gia ya pili tukusukume". Hiyo ni mbaya zaidi ya starta, maana uzito wa gari zima unaizungusha injini kwa nguvu. Gia otomatiki ilimwepusha na hilo bila yeye kujua.

Kilichofanya kazi

Fundi wa mtaani nampa haki yake. Alitoa plagi kabla ya kuzungusha, na ni wengi wanaoanza kwa kukausha waya na kupiga starta. Alimwaga oili hata ilipoonekana safi. Alibadilisha ea klina. Aliangalia na mafuta ya gia, ambayo kwenye gari lililozama huweza kugeuka rangi ya maziwa ya waridi. Yalikuwa mekundu safi, na mpaka leo gia iko salama. Kama konrodi zingekuwa zimenyooka, kazi yake ingelifufua gari lile kwa 60,000 na leo nisingekuwa naandika.

Mama K. naye alipiga picha za maji, za gari na za maji yakiruka kwenye matundu ya plagi. Hazikumsaidia kwa bima. Zilitusaidia sisi kuunganisha silinda zilizotoa maji na konrodi zilizopinda.

Kilichoshindikana

Bomba nimeshalisema. Nimelirudia kichwani mara nyingi, na nadhani kwa sentimita 69 gari lile lingelowa boneti na kuendelea na safari. Siwezi kuapa, ila wimbi lililopanda juu ya boneti lilikuwa la sekunde moja, na tundu lililokuwa sentimita 53 linatazama chini lilikuwa karibu na maji muda wote aliokanyaga mafuta.

Kosa lililogharimu pesa nyingi zaidi, kwa maoni yangu, ni kupima uzima wa injini kwa kuwaka kwake. Injini yenye konrodi iliyopinda milimita mbili inawaka. Inabeba watu. Inakwenda kicheni pati. Lakini ilikuwa inasema tangu Ijumaa, na lugha yake ilikuwa rahisi. Tundu la silinda lina upana wa milimita 75. Pistoni ikiishia milimita mbili chini, nafasi ya juu inaongezeka karibu cc 9, na uwiano wa 10.5 unashuka hadi chini kidogo ya 9. Geji ya kompresheni ingeonyesha silinda ya tatu iko chini ya wenzake kwa kama moja ya tano. Ndiyo kutetemeka kwa foleni, ndiyo taa ya dashibodi, ndiyo mafuta kwisha.

Kwa asiye na geji kuna spoku ya baiskeli. Plagi zikiwa nje, shusha spoku kwenye tundu mpaka iguse pistoni, zungusha injini kwa mkono na spana kwenye bolti ya puli ya krenki, polepole, mpaka spoku ifike juu kabisa na kuanza kurudi. Weka alama kwa kalamu usawa wa ukingo wa tundu. Rudia silinda zote nne. Kwenye injini kama hii ya kwanza na ya nne hupanda pamoja, na ya pili na ya tatu pamoja, kwa hiyo usilinganishe mapacha tu. Hapa mapacha wawili walikuwa wamepinda wote, ungewalinganisha peke yao ungedanganyika. Alama zote nne zinatakiwa zikae mstari mmoja. Ni kazi ya dakika kumi, na plagi za gari hili Ijumaa ile zilikuwa nje tayari, zimelala kwenye gazeti juu ya boneti.

Spoku hiyo au geji ingekuwa imetumika siku ile, konrodi mbili na gasketi ya silinda hedi zingebadilishwa, bloku ikabaki. Kazi kubwa, ndiyo, lakini si ya milioni mbili. Na ingefanyika ndani ya siku ambazo mkataba wa bima ulikuwa bado unamsikiliza.

Mwisho ni ile simu ya Jumatatu. Mteja alitamka maneno mawili ambayo fundi akiyasikia pamoja anatakiwa aache kila kitu: "lilizimika kwenye maji" na "linatetemeka". Mimi nilisikia la pili tu, kwa sababu la kwanza lilikuwa limeshapewa jibu na mtu mwingine. Sasa kuna karatasi imebandikwa juu ya meza ya simu gerejini, ina maswali matatu: Lilikata ghafla au lilikohoa? Starta ilipigwa mara ngapi? Kompresheni imepimwa na nani? Anayepokea simu msimu wa mvua anauliza yote matatu hata kama mteja ana haraka.

Siku ya kuchukua gari, Mama K. hakuomba funguo kwanza. Alifungua boneti mwenyewe, akalitafuta bomba jeusi juu ya rejeta, akalishika na kulitikisa. Halikucheza. Akafungua ukurasa wa miezi saba nyuma kwenye daftari letu, akaomba kalamu, na pembeni ya ule mstari wa kijana wetu akaandika tarehe ya siku ile na kuweka sahihi yake.